Kiyoyozi Kilichonyamaza Al Mansoura

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Tk. Sauti hiyo tu. Ilitoka mchana na bado iko masikioni mwangu.

Kiyoyozi cha sebuleni kwetu Al Mansoura, kilichotundikwa juu ya televisheni, ni kizee. Hakilii pii kama vile vipya. Kikizimwa hufanya tk, kisha hushusha pumzi, kisha kimya. Na hapa Doha tangu Aprili hadi Novemba hatuna kimya. Kikija, watu hufumbua macho.

Leo walifumbua. Baada ya ibada ya asubuhi ushirika wetu ulikuja kwetu kama kila Ijumaa. (Huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu.) Watu kumi na mmoja, chapati, chai ya maziwa, maombi. Charity alikuwa amepiga magoti. Anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja kule Al Wakrah na hajawaona watoto wake miaka mitatu. Aliomba madam wake ampe likizo ya Desemba. Alipofika kwenye jina la kitinda mimba, tk.

Ndugu Augustine, kiongozi wetu, dereva, mtu asiyenyamaza hata akitafuna, alinyamaza. Kisha akasema polepole kwamba Bwana amesikia.

Sasa ukweli, nauandika hapa na si kwingine. Nilikuwa nimekalia rimoti.

Sikukusudia! Ilikuwa imezama kwenye matakia. Niliinama kuchukua chapati ya pili. Nilitaka kusema. Lakini mimi ni mwanafunzi wa dini linganishi, mwaka wa nne, na Dk. Muneera ametufundisha kwamba mtazamaji haingilii anachokitazama. Kunyamaza ndiko kutoingilia. Na kukalia si kugusa.

Kilichonitia wasiwasi ni Mama. Alikuwa akikitazama kiyoyozi kama mtu anayesoma barua. Mama ni muuguzi, miaka kumi na minne katika wodi moja. Tangu Agosti anazungumzia kurudi Kitui kumtunza nyanya. Akiacha kazi, kibali changu cha ukaazi kinakufa pamoja na chake, na mimi nimebakisha mihula miwili tu. Tumelizungumza jambo hili. Yaani yeye amelizungumza. Mimi niliondoka chumbani.


Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu. Mada yangu ya tasnifu imekataliwa. "Kimya katika Dini Tisa za Dunia." Dk. Muneera alisema hiyo si tasnifu, ni maktaba. Nitafute kitu kimoja, kidogo, kilicho karibu.

Mada ya Valerie imekubaliwa! Valerie na mimi ndio Wakenya pekee darasani. Ataandika kwa nini Wakristo wa Doha wanaiita Ijumaa Jumapili. Nani alimwambia hayo, mkahawani, mwezi wa tisa, huku akila viazi vyangu? Mimi. Leo amenikumbatia akasema tuko pamoja. Nafasi ya kusoma kazi mbele ya kitivo mwezi Desemba ni moja. Hatuko pamoja.

Nilifika nyumbani nikakuta kundi letu la WhatsApp linawaka. Charity amepewa likizo! Mwezi mzima! Madam mwenyewe alimwita jikoni akamwambia khalasi, nenda kaone watoto. Augustine ametuma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Jambo hili amelipa jina: Kimya. Ile herufi kubwa inasikika.

Nilikaa kitandani nimeduwaa. Wasomi huvuka jangwa kutafuta mahali imani inapozaliwa. Nimeipata sebuleni kwetu, juu ya televisheni.

Nimemwandikia Dk. Muneera. Amekubali kwa mstari mmoja na kunitumia fomu za ridhaa. Valerie hajui. Nimemtumia picha ya moyo.


Ijumaa, 10 Oktoba

Wote wamesaini fomu. Augustine hakusoma yake. Aliziombea zote kwa pamoja, kisha akasaini. Kiptoo alitaka kujua kama jina lake litatoka kitabuni. Kiptoo ni askari kwenye lango la jengo moja la maduka kule Al Sadd. Ananiita Profesa. Simkatazi.

Tatizo la kitaaluma: tukio moja ni bahati. Mawili ni desturi, na desturi inaweza kupewa sura nzima. Nimejiuliza wiki yote: je, kuisaidia desturi ifike mara ya pili ni kuingilia? Niliandika kurasa tatu za hoja. Jibu ni hapana. Mkunga haingilii. Mkunga anapokea.

Nilivaa dera lenye mikono mipana.

Kiptoo aliomba aondolewe langoni. Mwezi wa saba alizirai juani akaamshwa kwa maji ya chupa. Alitaka lindo la ndani, kwenye mapokezi, penye hewa baridi. Nilimhurumia kwa dhati. Huruma ilinisaidia kubonyeza.

Tk.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mtu wa futi sita, na sare yake, analia ndani ya kitambaa cha kochi. Mama alinishika mkono. Ule wenye rimoti! Nilijua nimekwisha. Aliubana juu ya nguo, hakuhisi kitu, akaniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona.

Kabla chai haijaisha tayari palikuwa na sheria. Viti vielekee kiyoyozi. Kila mtu aombe jambo moja tu. Mtu asiguse rimoti wakati wa maombi (niliunga mkono kwa sauti kuliko wote). Naye Charity akasema si heshima kitu kama kile kukaa uchi, atakifumia kitambaa.

Sebule ya Mkenya bila vitambaa si sebule. Kochi linacho, meza inacho, televisheni inacho, jagi la maji linacho. Niliandika daftarini: "Pambo. Si muhimu."


Jumatatu, 13 Oktoba

Dk. Muneera amesoma sura ya pili. Alisema ina uhai. Nilihakikisha mlango uko wazi kwa sababu Valerie alikuwa amekaa nje.

Kisha akavua miwani na kuuliza: "Na rimoti ilikuwa wapi?"

Kurasa ishirini na mbili, na neno rimoti halimo hata mara moja! Nililitoa lote kwa mkono wangu. Nikasema ilikuwa mezani. Nilisema haraka mno. Aliandika kitu pembeni kwa penseli, neno fupi. Nilijaribu kulisoma kichwa chini miguu juu, nikashindwa.

Jioni pigo jingine. Kiptoo amehamishiwa ndani! Anaanza Jumatano. Msimamizi wake hakutoa sababu. Nilibonyeza ili kuzima kiyoyozi, sikubonyeza ili kumhamisha mtu.

Nimelala chali nikajikumbusha mara kadhaa kwamba mimi ni mtazamaji.


Alhamisi, 16 Oktoba

Mama alirudi kutoka zamu na kutia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Miguu yake imevimba kama mikate. Akaniita nikae.

Barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Iko kwenye simu. Hajaituma. Nyanya alianguka bafuni tena wiki jana na hakumwambia mtu mpaka jirani alipomwona anachechemea. Mama alisema kila siku anaogesha mama za watu, na wake anaogeshwa na nani. Alisema bila kulia, akiangalia maji. Nililiandika hilo daftarini. Ni nukuu nzuri.

Halafu akasema kesho ataomba. Bwana akitaka abaki mpaka nimalize chuo, AC inyamaze. Isiponyamaza, ataituma palepale.

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi ili nifurahi bila kuonekana. Ni hivyo tu? Kubonyeza mara moja? Miezi miwili silali, na dawa ilikuwa mkononi mwa dera!

Kuhusu nyanya nimefikiri. Nyanya ni mtu imara. Juni, nitakapomaliza chuo, si mbali.

Betri mpya nimetia.


Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika kwa shida.

Charity alifika wa kwanza, na kitambaa. Cheupe, maua ya manjano makubwa kama visahani, pindo linalofika chini. Kwa ndani amekiwekea bitana ya satini nzito, ili kining'inie vizuri. Augustine alipanda kiti akakivisha kiyoyozi. Kikafunika uso wote, ukabaki mdomo wa hewa tu. Tulipiga makofi. Nami nilipiga. Nilimwambia Charity ana mkono wa ajabu!

Mama alipiga magoti. Alisema maneno yake kama alivyoniambia, hakuongeza hata moja. Nilibonyeza.

Hakuna.

Nikabonyeza tena, nikikaza. Kiliendelea kunguruma. Nikanyoosha mkono kidogo. Hakuna. Nikasimama. Wengine huinua mikono wakati wa maombi, mimi sijawahi, leo niliuinua, rimoti ndani ya dera, nikiielekeza juu ya televisheni. Nyuma yangu Augustine akashukuru kwa sauti kwamba hatimaye Roho amemgusa binti huyu. Nikabonyeza ya nne, ya tano. Nikapanda kwenye stuli! Wakadhani nimezidiwa. Kiptoo alinishika kiuno nisianguke.

Mara tisa.

Mama alingoja. Alingoja kwa haki, hakuharakisha. Kisha akasema amina, akajifuta uso kwa leso, akachukua simu mezani na kugusa kioo kwa kidole kimoja.

"Nimetuma," akasema.

Ni hapo nilipokiona. Kile kijicho cheusi cha kiyoyozi, kinachopokea rimoti, kiko upande wa kulia. Juu yake kuna ua la tatu la Charity, na bitana.


Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeamua kukiri kwa Mama. Si kwa sababu ya dhamiri, nitakuwa mkweli humu. Akijua ishara ilikuwa ya uongo, ataivuta barua. Ni mantiki.

Nilimpa rimoti mkononi nikaeleza yote. Aliniuliza kimoja kimoja, kama anavyoulizia wagonjwa. Likizo ya Charity ni wewe? Nikasema nilikalia. Na Kiptoo? Nikasema nilibonyeza. Akakaa. Sijawahi kuona uso wake ukizeeka mbele yangu namna ile. Alisema Charity anamsimulia mwanawe kwa simu kila siku kuhusu Kimya, na mtoto ameandika insha shuleni.

Sikujua hilo. Niliona aibu. Niliona pia kwamba ni ushahidi muhimu wa kuenea kwa imani, lakini aibu ilitangulia.

Akauliza, na jana?

Nikasema jana nilibonyeza mara tisa na ikakataa. Kwa sababu ya kitambaa, Mama. Ni kitambaa tu.

Alinitazama. Uso ukaanza kubadilika, lakini kwenda upande ambao sikuutarajia. Ulitulia.

"Ulibonyeza mara tisa ukazuiliwa," akasema. "Mumbua, unataka nipewe ishara gani nyingine?"

Siamini. Siamini! Nimemwambia ukweli wote na ukweli wenyewe umefunga mlango. Alinirudishia rimoti na kwenda kuloweka maharagwe, akiimba.


Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekiri kwa Dk. Muneera pia. Nilitumaini machozi yangu yangeonekana ya kisomi. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Alifungua sura ya pili akanionyesha lile neno la penseli: "Mfukoni?"

Alijua wiki nzima.

Tasnifu imefutwa. Naanza upya na mada ya vitabuni, vitabu tu, visivyo na watu ndani. Nafasi ya Desemba amepewa Valerie. Tena ameniambia ninyooshe nilichopinda: Ijumaa nisimame mbele ya ushirika, waliosaini fomu zangu, niwaambie kwa mdomo wangu.

Valerie aliningoja kwenye korido. Alisema amesikia, pole sana, kama ninahitaji mtu wa kuzungumza naye yupo. Alimaanisha kweli! Hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akaomba nimsomee utangulizi wake. Una makosa mawili. Nimemwonyesha moja.


Ijumaa, 24 Oktoba

Nimesimama. Nimesema. Nilikuwa nimeiandika kwa aya nne nikaishia kusema sentensi tano.

Ukimya uliofuata sikuutengeneza mimi.

Kiptoo alikuwa wa kwanza. Aliuliza kama atarudishwa langoni. Nikasema hapana, msimamizi wake hanijui. Akashusha pumzi na kusema basi yeye hana neno, Profesa aendelee na masomo. Augustine alisema Bwana amewahi kutumia vyombo duni kuliko rimoti. Duni kuliko mimi hakusema, ila alinitazama.

Charity aliinuka na kwenda moja kwa moja kwenye kiyoyozi. Nilijua atakivua kile kitambaa, akikunje, atoke, na hataingia tena nyumbani kwetu. Nilistahili. Nilishika ukingo wa meza.

Alikinyoosha. Aliweka sawa pindo upande wa kulia, juu ya kile kijicho.

"Mimi siwekagi bitana," alisema bila kugeuka. "Vitambaa vyangu vyote, miaka yote, havina bitana. Hiki nilisikia tu niweke. Sikujua ni ya nini."

Mtu mmoja nyuma akaanza kulia. Kisha watatu. Kabla ya chai tayari wanawake wanne walikuwa wamemwagiza Charity vitambaa vya viyoyozi vyao, vyenye bitana, na Augustine alikuwa ameanza kueleza maana ya satini.

Nilibaki nimesimama, mdomo wazi. Imezaliwa! Mbele ya macho yangu, yenyewe, bila mkono wangu, desturi halisi, ya saa tisa alasiri, nami sina tasnifu, sina fomu hata moja. Valerie angeiona ingekuwa yake.

Mengine mawili. Rimoti ya kwetu sasa inakaa mfukoni mwa Augustine. Na ushirika umehamia kwake Al Wakrah, kwa amani ya wote.

Wakati wa kuondoka Charity alinikumbatia, kisha akanifinya sikio kama mtoto. Alifinya kweli. Bado lina moto.


Jumatano, 29 Oktoba

Habari! Wodi haijapata mtu wa kushika nafasi ya Mama. Matron amemwomba asogeze kuondoka hadi Juni. Juni! Nitakuwa nimemaliza!

Mama hakusema ndiyo. Alimpigia nyanya. Nyanya alimwambia afanye anavyoona, yeye yuko sawa, na sote wawili tulisikia kwamba hayuko sawa. Mama alikata simu akakaa na miguu ndani ya beseni mpaka maji yakapoa.

Akasema ataomba Ijumaa, kwa Augustine. Kama ni abaki hadi Juni, AC inyamaze. Niliitikia kwa adabu. Akaongeza kwamba mimi nitakaa mbele kabisa, mahali atakapoiona mikono yangu yote miwili.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Nimejifunza kwamba mtazamaji asiguse. Nimejifunza kwamba watu si sura ya pili. Nimeyaandika haya kwa kalamu nyekundu na kupigia mstari.

Kiyoyozi cha Augustine ni kipya na hulia pii. Kule Al Sadd kuna duka linalouza rimoti moja inayofanya kazi kwa kiyoyozi cha aina yoyote. Nilipita jana. Jana hiyohiyo nilimwagiza Charity kitambaa cha meza yetu kubwa, cha haraka, maua mia moja na ishirini, ili wiki hii asipate nafasi ya kufuma kingine chochote. Alifurahi sana. Kisha nilimpigia Augustine kumwambia kwamba tangu Roho aliponigusa natamani kuhudumu, na ameniweka kwenye kayamba, nitapiga wakati wa maombi yote. Kayamba ina kelele za kutosha kumeza pii.

Tena hushikwa kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kila mtu akiiona.

Rimoti nimeshaifunga nyuma yake kwa utepe.